Mwanga, Ioni na Mahali pa Kuvunjika



Madhumuni ya mhadhara huu ni kueleza jinsi molekuli ya kikaboni iliyokwisha kupoteza elektroni inavyovunjika baada ya kufyonza mwanga, na kutetea kauli moja ambayo vitabu vingi vya kiada huipita juu juu, nayo ni kwamba mara nyingi molekuli ya namna hiyo haivunjiki pale mwanga ulipoigusa, bali huvunjika pale ambapo nishati iliyoingia, baada ya kusambaa mwilini mwake mwote, inapata njia ya kutokea.

Kwa kuwa hadhira hii ina wanakemia na wasio wanakemia, istilahi chache zinahitaji kuwekwa wazi kwanza. Molekuli ya kikaboni ni ile ambayo uti wake ni atomu za kaboni zilizofungamana zenyewe kwa zenyewe na kufungamana pia na hidrojeni, na pengine na oksijeni au naitrojeni. Ikipokonywa elektroni moja, hubaki na chaji chanya, na hapo huitwa ioni. Mwanga nao husafiri kwa mafungu yasiyogawanyika yaitwayo fotoni, ambayo nishati yake hupimwa kwa kipimo kiitwacho elektronivolti: fotoni ya mwanga mwekundu ina elektronivolti 1.8 hivi, ya urujuani hukaribia 3, na zile za urujuanimno, ambazo jicho haliwezi kuziona, huanzia hapo kwenda juu. Kung'oa elektroni moja kutoka kwenye benzeni, molekuli yenye duara la kaboni 6, kunahitaji elektronivolti 9.24, kiasi ambacho mwanga wa kawaida wa mchana hauwezi kukitoa. Lakini ioni ikishakuwapo, mwanga huohuo wa kawaida hupata uwezo ambao haukuwa nao.

Hoja ya kwanza: kupotea kwa elektroni hulegeza vifungo

Mfano unaofaa ni tolueni, kimiminika chenye harufu kali ambacho mafundi rangi wanakijua kwa kuwa kimo katika aina nyingi za thina. Molekuli yake ni duara la kaboni 6 lenye mkia mfupi wa kaboni moja iliyobeba hidrojeni 3. Katika molekuli ya kawaida, isiyo na chaji, kung'oa hidrojeni moja kutoka mkiani kunagharimu elektronivolti 3.9. Katika ioni ya tolueni, kazi hiyohiyo inagharimu 2.3 tu, na hesabu inayoonyesha hivyo ni ya kujumlisha na kutoa. Kipande kinachobaki baada ya hidrojeni kuondoka huitwa benzili, na kukinyang'anya elektroni kunahitaji elektronivolti 7.25, ambazo zikijumlishwa na 3.9 za kukata kifungo huleta 11.15 hivi, lakini ioni ya tolueni ilipotengenezwa, elektronivolti 8.83 zilikwisha kulipwa, na kilichosalia ni 2.3. Kifungo kimelegea kwa sababu kipande kitakachozaliwa kinaistahimili chaji vizuri zaidi kuliko molekuli mama.

Hesabu hiyo inaeleza pia ni kipande kipi kitabaki na chaji baada ya mgawanyiko. Kanuni iliyotolewa na Stevenson mwaka 1951 inasema kwamba chaji hubaki kwenye kile kipande ambacho elektroni yake hung'oka kwa urahisi zaidi. Atomu ya hidrojeni inadai elektronivolti 13.6 kabla ya kuiachia elektroni yake, ilhali benzili inadai 7.25, kwa hiyo hidrojeni huondoka bila chaji na benzili ndiyo hubaki ioni.

Kuna jambo la pili linaloambatana na hilo. Tolueni ya kawaida ni angavu kama maji, kwa maana kwamba haifyonzi mwanga wowote unaoonekana kwa macho. Ioni yake hufyonza mwanga wa upande wa buluu na urujuani, kwa sababu elektroni iliyoondoka imeacha pengo, na elektroni nyingine iliyo ngazi ya chini kidogo inaweza kuruka na kulijaza kwa gharama ya fotoni ndogo tu. Hivyo ioni inapata mambo mawili kwa mkupuo mmoja: vifungo vilivyolegea, na uwezo wa kupokea mwanga ambao molekuli mama huupisha tu. Fotoni ya elektronivolti 3 hivi, isiyoweza kuifanya lolote tolueni ya kawaida, inatosha kuivunja ioni yake na kubakiza akiba.

Wasikilizaji wanaweza kuuliza haya yalijulikanaje, maana ioni zinazoweza kukusanywa pamoja katika gesi ni chache mno kiasi kwamba haiwezekani kupima mwanga uliopungua baada ya kupita kati yake. Jibu lilipatikana kwa kugeuza swali. Katika miaka ya 1970, Robert Dunbar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, walizifungia ioni ndani ya ombwe kwa uga wa sumaku na wa umeme, ambamo ziliweza kuzunguka kwa sekunde kadhaa bila kugusa ukuta, wakazimulika kwa mwanga wa rangi moja baada ya nyingine, kisha wakapima ni ioni ngapi za tungamo la awali zimetoweka na ni vipande gani vimezaliwa. Rangi iliyofyonzwa ilijitambulisha kwa vipande ilivyoviacha. Mbinu hiyo ni ya kusifiwa kwa dhati, kwani iligeuza kuvunjika, ambako wengi walikuona kuwa uharibifu wa sampuli, kukawa ndiyo chombo chenyewe cha kupimia.

Hoja ya pili: nishati haikai ilipoingia

Hapa ndipo penye kiini cha mhadhara huu. Fotoni inapofyonzwa, kinachoruka kwanza ni elektroni, na ingekuwa rahisi kudhani kwamba kifungo kilicho jirani na elektroni hiyo ndicho kitakachokatika. Katika ioni kubwa za kikaboni dhana hiyo kwa kawaida haisimami. Hali za juu za elektroni zimekaribiana sana, na kuna maumbo ya molekuli ambamo hali mbili hukutana kwenye nishati moja, maumbo ambayo wanakemia huyaita makutano ya koni. Atomu zinapotikisika na kulifikia umbo la namna hiyo, ioni hutumbukia kutoka hali ya juu kwenda ya chini katika muda wa femtosekunde makumi au mamia, ambapo femtosekunde moja ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde. Nishati ya fotoni haipotei katika kutumbukia huko, bali hugeuka kuwa mtetemo wa atomu, ndiyo kusema kuwa ioni imepata moto wa ndani ingawa hakuna chochote nje yake kilichopashwa.

Tolueni ina atomu 15, na atomu 15 zina namna 39 tofauti za kutetema: vifungo kurefuka na kufupika, pembe kupanuka na kubana, duara kujikunja, mkia kujizungusha. Nishati iliyoingia hugawanywa katika namna hizo 39, ikahama kutoka moja kwenda nyingine bila kutulia. Ili hidrojeni ing'oke, lazima itukie kwamba elektronivolti 2.3 au zaidi zimekusanyika kwa wakati mmoja kwenye kifungo kimoja, na tukio hilo ni adimu. Mtetemo mmoja huchukua takriban sehemu ya mia ya trilioni ya sekunde. Ikiwa ioni itavunjika baada ya mikrosekunde moja, yaani sehemu ya milioni ya sekunde, itakuwa imetetema mara milioni mia moja kabla ya kuachana na hidrojeni yake. Muda wote huo habari ya mahali fotoni ilipoingilia huwa imekwisha kufutika.

Nadharia ya jambo hili ilijengwa na wengi. Rice, Ramsperger na Kassel waliianza katika miaka ya 1920 kwa ajili ya molekuli za gesi zinazopashwa moto, na Rudolph Marcus akaikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1952 Rosenstock, Wallenstein, Wahrhaftig na Eyring waliitumia kanuni hiyo kwa ioni, wakaonyesha kwamba orodha ya vipande inayotolewa na spektromita ya tungamo, mashine inayotenganisha ioni kwa uzito wake, inaweza kukokotolewa kwa kuhesabu idadi ya namna ambazo nishati inaweza kupangika katika molekuli nzima na idadi ya namna inavyoweza kupangika pale kwenye kivuko cha kuvunjikia. Kasi ya kuvunjika ni uwiano wa hesabu hizo mbili. Inafaa kusisitizwa kwa wanafunzi waliopo kwamba hesabu hiyo haiulizi kabisa nishati ilikuja kwa mwanga, kwa mgongano au kwa njia nyingine. Huuliza tu ni kiasi gani.

Hoja ya tatu: njia ya bei nafuu haishindi sikuzote

Kauli kwamba nishati hutafuta njia ya kutokea huweza kueleweka vibaya, kana kwamba njia inayodai nishati kidogo ndiyo itakayofuatwa daima. Ioni ya butilibenzeni inaonyesha kwamba sivyo, na ndiyo maana inastahili kutazamwa kwa karibu.

Butilibenzeni ni duara la kaboni 6 lenye mkia mrefu wa kaboni 4, na ioni yake ina tungamo 134. Ikifyonza mwanga, huvunjika kwa njia mbili. Katika njia ya kwanza, hidrojeni iliyo kwenye kaboni ya tatu ya mkia hupinda na kulirudia duara, ikajibandika hapo, na sehemu ya nje ya mkia ikaondoka ikiwa molekuli kamili ya propeni yenye tungamo 42, hivyo ioni inayobaki ina tungamo 92. Katika njia ya pili hakuna upangaji upya wa aina yoyote: mkia hukatika tu baada ya kaboni ya kwanza, kipande chenye tungamo 43 kikaruka, na ioni inayobaki ina tungamo 91. Njia ya kwanza inadai takriban elektronivolti 1.1 na ya pili takriban 1.7.

Kwa kufuata bei peke yake, kipande cha 92 kingepaswa kushinda sikuzote. Vipimo vinaonyesha vingine: kwa fotoni ndogo, za upande mwekundu wa mwanga, 92 ndicho kinachotawala, lakini kadiri fotoni inavyokuwa kubwa ndivyo 91 kinavyopanda, na ikifikia urujuanimno 91 ndicho kinachoongoza. Sababu yake ni kwamba njia ya kwanza inaulazimisha mkia ushike umbo moja mahususi, ujikunje mpaka hidrojeni ifike kwenye duara, na namna za kulifikia umbo hilo ni chache. Njia ya pili haidai umbo lolote mahususi, kwa maana mkia unaweza kurefuka na kukatika huku ukizunguka upendavyo. Ni kama ua lenye milango miwili, mmoja wenye kizingiti kifupi lakini mwembamba kiasi cha kumpitisha mtu mmoja mmoja kwa ubavu, na mwingine wenye kizingiti kirefu lakini mpana: walio na nguvu kidogo hawana budi kupitia ule mwembamba, ilhali wenye nguvu za kutosha kuruka wote hutokea kwenye ule mpana.

Kutokana na tabia hiyo, uwiano wa 91 kwa 92 umekuwa kipimajoto cha ioni. Mtafiti asiyejua ni kiasi gani cha nishati mashine yake inaingiza katika ioni anaweza kuweka butilibenzeni, kusoma uwiano wa namba hizo mbili, na kupata makisio ya nishati ya ndani. Mwanga ndio uliofaa kukisanifu kipimajoto hicho, kwa kuwa kiasi cha nishati ambayo fotoni huingiza kinajulikana kwa usahihi, jambo ambalo mgongano wa ioni na gesi hauwezi kuliahidi.

Hoja ya nne: penye haraka, mambo hubadilika

Hoja ya pili ina mipaka yake, na haitakuwa haki kuificha. Molekuli ndogo mno haina pa kuisambazia nishati. Ahmed Zewail, mwanakemia aliyezaliwa Damanhur nchini Misri na kupewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1999, alionyesha na wenzake mwaka 1987 kwamba molekuli yenye atomu 3 tu, za iodini, kaboni na naitrojeni, hukatika kifungo cha iodini kwa takriban femtosekunde 200, bila muda wa nishati kuzunguka popote. Hiyo haikuwa ioni, lakini kanuni ni ileile: hali ya juu ya elektroni ikiwa yenyewe ni ya kusukumana, atomu huachana papo hapo.

Peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino inayounda protini, huonyesha pande zote mbili. Ioni ya peptidi ikimulikwa na leza ya infraredi, yaani mwanga usioonekana ulio chini ya mwekundu, ambayo kila fotoni yake ina elektronivolti 0.12 hivi, hulazimika kufyonza fotoni makumi kwa makumi, ikapata moto wa ndani polepole, na mwisho hukatika kwenye vifungo vyake dhaifu, vile vinavyoiunga asidi amino moja na nyingine. Ikimulikwa na leza yenye urefu wa wimbi wa nanomita 157, ambayo fotoni yake moja ina karibu elektronivolti 7.9, mnyororo hukatika kwenye kifungo jirani, cha kaboni kwa kaboni, ambacho moto wa polepole kwa kawaida haukigusi. Kwa mtu anayesoma mpangilio wa asidi amino, kupata vipande vya aina zote mbili kutoka peptidi moja ni faida kubwa.

Hoja ya tano: kuvunjika kwa ioni kulitambulisha kitu kilicho baina ya nyota

Mwaka 1919 Mary Lea Heger, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha uchunguzi wa anga cha Lick huko California, aliona katika mwanga wa nyota mistari ya giza ambayo haikutoka kwenye nyota zenyewe. Baadaye mistari ya namna hiyo iligunduliwa kwa mamia, na kwa miongo mingi hakuna aliyeweza kusema ni molekuli gani iliyo baina ya nyota inayofyonza rangi hizo. Mwaka 1994 Bernard Foing na Pascale Ehrenfreund walitangaza mistari miwili, kwenye nanomita 957.7 na 963.2, wakapendekeza kwamba inatoka kwa ioni ya C60, molekuli ya kaboni 60 zilizopangika mithili ya mpira wa miguu. Lakini vipimo vya maabara vilivyokuwapo vilifanywa ndani ya neoni iliyogandishwa, ambayo husogeza mistari kidogo, kwa hiyo pendekezo halikuweza kuthibitishwa.

Kilichohitajika ni kuipima ioni hiyo ikiwa peke yake katika gesi baridi, na ugumu ulikuwa kwamba C60 ni imara mno: fotoni moja ya elektronivolti 1.3 haiwezi kuivunja hata chembe. Timu ya John Maier katika Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, ilitatua jambo hilo mwaka 2015 kwa njia ambayo mhadhara huu unaiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kuliko zote za fani hii. Ioni ziliwekwa ndani ya mtego uliopozwa hadi karibu digrii 6 tu juu ya sifuri halisi ya joto, zikaachwa mpaka baadhi yake zikanatwa na atomu moja moja ya heliamu, gesi ambayo katika hali ya kawaida haifungamani na chochote. Tungamo 720 likawa 724. Kisha leza ikazungushwa rangi baada ya rangi. Rangi isiyofyonzwa haikubadilisha kitu; rangi iliyofyonzwa iliruka ndani ya ioni, ikageuka mtetemo, na mtetemo huo ukaisukuma heliamu nje, hata idadi ya ioni za 724 ikashuka. Kushuka huko kulitokea penyewe kwenye nanomita 957.7 na 963.2. Katika karne nzima ya kutafuta, huo ulikuwa utambulisho wa kwanza usio na shaka wa mmoja wa wanaosababisha mistari ile, na uliletwa na kifungo dhaifu kuliko vyote vilivyotajwa jioni hii.

Kuvunjika kwenyewe pia kunafanyika huko angani. Molekuli za maduara mengi ya kaboni yaliyoshikana, za jamii ile inayopatikana katika masizi, huelea baina ya nyota zikipigwa na urujuanimno wenye nishati ya hadi elektronivolti 13.6, mpaka ambao unawekwa na hidrojeni inayoufyonza mwanga wote ulio juu yake. Zile kubwa huitawanya nishati katika namna nyingi za mtetemo na kupoa kwa kutoa infraredi kabla hazijavunjika. Zile ndogo hupoteza hidrojeni, kisha vipande vya kaboni mbili mbili. Mwaka 2014 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walizimulika ioni kubwa za jamii hiyo kwa leza, wakaona zikivuliwa hidrojeni zote na baadaye kaboni, na kati ya mabaki ikapatikana C60 yenyewe.

Kazi iliyo mbele

Mistari mingi ya Heger na waliomfuata bado haijapata wenyewe, na mitego ya baridi yenye heliamu sasa inatumika katika maabara kadhaa kuijaribu ioni moja baada ya nyingine. Darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa mwishoni mwa 2021, inaleta picha za infraredi za molekuli zilezile za maduara katika mawingu ambako urujuanimno ni mkali na ambako ni hafifu, na kila picha inadai hesabu mpya za kasi ya kuvunjika ili isomeke. Hiyo ni kazi inayowezekana kufanywa na kijana yeyote mwenye hesabu nzuri na kompyuta ya kawaida, kwa sababu hesabu za Rosenstock na wenzake hazihitaji leza.

Swali gumu zaidi linahusu zile femtosekunde chache za mwanzo, kabla nishati haijasambaa. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya mwaka 2023 ilitolewa kwa Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Anne L'Huillier kwa mipigo ya mwanga ya atosekunde, yaani sehemu ya elfu ya femtosekunde. Kwa mipigo ya aina hiyo, mwaka 2014 iliripotiwa kwamba katika ioni ya fenilalanini, mojawapo ya asidi amino, mabadiliko huenda na kurudi kila baada ya femtosekunde 4.3 hivi, mwendo ambao ni wa haraka mno kuwa wa atomu na ambao kwa hiyo ulielezwa kuwa ni wa chaji yenyewe inayohama ndani ya molekuli. Ikiwa mpigo wa pili unaweza kuikuta chaji hiyo ikiwa upande mmoja wa molekuli na kukilazimisha kifungo cha upande huo kikatike kabla mtetemo haujaanza kuigawa nishati, basi hoja ya pili ya mhadhara huu itapata mpaka mpya, uliowekwa kwa makusudi na mtu. Majaribio ya kulitafuta jibu yanaendelea, na uwanja sasa uko wazi kwa maswali ya wasikilizaji.